Mama Mkwe Ndiye Tanki Wetu, na Daktari ni Mimi

Mama Ngendo,

Pokea salamu zangu na za bibi yangu Wacera, ingawa yeye hajui kama ninakuandikia, na tafadhali ukichapisha barua hii usiandike jina langu wala kituo changu, sema tu ni koplo wa polisi hapa Karatina, maana makoplo ni wengi na hakuna atakayejua.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, kazi ndiyo ilinileta Nyeri, nikampata Wacera ambaye kwao ni Endarasha, tukaoana kanisani na pia mbele ya wazee, na kwa hayo sina lalamiko lolote. Shida yangu imeanzia kwa simu. Jioni nikitoka kazini huwa nacheza mchezo mmoja wa mtandaoni unaoitwa Bonde la Majitu, ambapo watu wanne wanaingia bondeni pamoja, kila mtu akiwa popote alipo na simu yake, na kila mmoja yuko na kazi yake: kuna tanki, huyo anatangulia na ngao ili majitu yampige yeye yasipige wengine, kuna wapigaji wawili ambao kazi yao ni kupiga na kujisifu, halafu kuna daktari, ambaye hapigi mtu, anakaa nyuma akiwarushia wenzake dawa wasife. Mimi ni daktari. Watu hucheka wakisikia polisi mzima ameamua kuwa daktari, lakini Mama Ngendo, mchana kutwa mimi nashika watu, jioni natamani kuponya hata mmoja.

Na hiyo kazi nimeijua, si kujisifu. Daktari mbaya anaangalia jitu, mzuri anaangalia mistari ya damu ya wenzake, ile inayoonyesha uhai uliobaki, mbaya anamwaga dawa mtu akikwaruzwa tu, halafu jitu likifungua mdomo hana kitu mkononi, lakini mzuri anangoja, anajua pigo kubwa linakuja, na anajua wa kutibiwa kwanza ni tanki, kila wakati ni tanki, kwa sababu tanki akianguka nyinyi wote mmeanguka, na mkishinda hakuna mtu anasema asante daktari, wanasema tu wamepiga jitu vizuri, na mimi hiyo hainisumbui.

Kikundi chetu kilikuwa kizuri sana. Wapigaji ni Kingori, anauza nyanya soko la Kagio, na Adhis, mwalimu wa shule ya msingi kule Mwea. Tanki tulimjua kwa jina la mchezo tu, Chuma ya Kieni. Hatukuwa tumeonana uso kwa uso, na mchezo unakuruhusu kujichagulia sauti, kwa hivyo mimi naongea na sauti ya msichana, si kwa ubaya, ndiyo ilikuja na daktari nikaiwacha hivyo, na Chuma anaongea na sauti nzito kama lori inapanda mlima na gia ya kwanza, nikajiambia huyu ni dereva wa lori za viazi. Alikuwa tanki wa roho ngumu lakini mwenye haraka, na siku moja aliingia kwa majitu kabla sijajaza dawa, nikamwandikia ati wewe umezeeka akili, si ungoje, akanijibu, "Pole Ndaktari, nilikuwa na maziwa kwa jiko," tukacheka sote tukijua ni utani.

Tukazoeana. Tukingojea wengine waingie, Chuma alikuwa ananiambia mambo yake, na kuna jioni alisema kuna mtu ameoa kwao, polisi, mtu baridi kama ukuta, akija kutembea anakaa kwa kiti kama amekuja kushika mtu, chai akiletewa anaiangalia tu mpaka inakuwa na ngozi juu, na hajui familia ilimkosea nini. Mimi nikakasirika kwa niaba yake. Nikamwambia huyo polisi ana kiburi, polisi wa hivyo nawajua, aende moja kwa moja kwa OCS wake, mkuu wa kituo, amripoti. Chuma akasema, "Asante Ndaktari, laiti huyo angekuwa na roho kama yako."

Sasa Mama Ngendo, kabla sijaendelea, lazima ujue sisi Wabukusu tunaheshimu mama mkwe kwa umbali. Humshiki mkono, huli wala hunywi mbele yake, hukai naye chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anatoka kando. Si chuki, ni heshima kubwa, na mama yake Wacera, anaitwa Wakiuru, alielezwa hayo wakati wa mazungumzo ya mahari na akakubali, sema tu sijui kama alielezwa mambo ya chai.

Jumapili moja tukaenda Endarasha kumtembelea. Mama ni mjane, anakaa peke yake na ng'ombe wake. Tulipofika yeye akatoka nje ili mimi niingie, kama kawaida, na saa kumi ilikuwa saa ya vita, Kingori ameshapanga, tunakutana na jitu la mwisho, nikamwambia Wacera nataka kuangalia ng'ombe. Nikaenda nyuma ya banda, nikaegemea mbao, nikafungua simu. Tukaanza vizuri. Halafu neti ikaanza kukwama, jitu likafungua mdomo, damu ya Chuma ikashuka kama maji kwa sinki, na hapo upande wa pili wa zile mbao, ndani ya stoo ya nyasi, nikasikia mama anapiga kelele:

"Ndaktari! Ndaktari, umerara?"

Na kufumba na kufumbua, kwa simu yangu, na ile sauti ya lori, "Ndaktari! Ndaktari, umerara?"

Mimi kwa mazoea nikajibu, na kwa sauti yangu mwenyewe ya gwaride, "Niko hapa! Simama, usisonge!" na nadhani huko ndani ya stoo simu yake ikamwambia vile vile na sauti ya msichana. Hata ng'ombe aliwacha kutafuna. Chuma akafa, Kingori akafa, Adhis akafa, na mimi nikapita shamba la viazi nikiwa nimeinama mpaka barabarani, nikamtumia Wacera ujumbe kwamba nimeitwa kazini. Sijui kama mama alinitambua. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Nikampigia simu mzee wetu, anko Jackton, kumuuliza kama heshima inafika mpaka kwa mchezo.

Akauliza, "Huyo mtu wa ndani ya simu ana miguu?"

"Ana miguu, anko."

"Anatembea?"

"Anakimbia sana, hiyo ndiyo shida yake."

"Na wewe unajua ni yeye?"

"Najua."

"Basi ni yeye. Toka kando."

Tangu hapo nimetoka kando. Dawa yangu inafika hatua ishirini, mimi nasimama thelathini. Na kinachonishangaza ni kwamba Chuma naye ameharibika kabisa, zamani alikuwa na haraka lakini sasa anakimbia kama mtu anafukuzwa, mkiingia tu bondeni ameshapotea mbele, mimi nikirudi nyuma yeye anaenda mbele zaidi, mpaka wiki jana tukauawa na mbuzi. Mama Ngendo, pale mlangoni mwa bonde kuna mbuzi watatu wamewekwa wa kufundishia wageni, hao hawajawahi kuua mtu tangu mchezo uanze, na walituua wote wanne.

Kingori akaniuliza, "Daktari, siku hizi unatibu kwa posta?" Adhis naye akasema amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na hata wale wakiogopa wanajua kusogea karibu, si kusambaa. Wanataka kunitoa. Na ubaya zaidi tumechaguliwa kwenda mashindano ya vikundi vya eneo la Mlima Kenya, mwezi ujao, katika ukumbi mmoja mjini Nyeri, na sharti ni kila kikundi kije chenyewe kikae benchi moja. Benchi moja! Mimi na mama mkwe! Nikienda nimevunja heshima ya kwetu, nikikataa kikundi kimekwisha, na Chuma aliwahi kuniambia kwamba kabla ya mchezo jioni zake alikuwa anaongea na redio.

Wacera ameanza kuuliza kuna nini kati yangu na mama yake. Nimwambie nini? Niwache mchezo? Nibadilishe kazi niwe mpigaji, nisimtibu mtu tena? Au nimwambie mama ukweli, na nitamwambiaje kama siwezi kukaa naye chumba kimoja? Naomba uniambie la kufanya, sina mtu mwingine wa kuuliza, na anko Jackton amesema nisimpigie tena kuhusu jambo hili.

Ni mimi,
Daktari Aliyekwama, Karatina

*

MAMA NGENDO ANAJIBU

Koplo, nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili nikitafuta mwiko wa kukuchapa.

Pole. Hilo nalisema kwa moyo wote. Umejikuta katikati ya adabu ya kwenu na kazi unayoipenda, na hakuna aliyekufundisha la kufanya zikigongana nyuma ya banda la ng'ombe. Lakini umekuwa mwoga, na mwoga mwenye dawa mfukoni ni hatari kuliko jitu.

Wacha nikuambie jambo ambalo hulijui. Majuzi, kabla barua yako haijafika, nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye wasiwasi mwingi. Aliniambia hivi: "Mama Ngendo, mbuzi wananiua kira siku, na nikisimama karibu na yure kijana nitakuwa nimemkosea." Sikuelewa kitu. Nilimshauri aite daktari wa mifugo, na kama hao mbuzi ni wa jirani, amwone chifu. Akanishukuru kwa adabu na kukata simu. Barua yako ilipofika nilishika kichwa, nikamtafuta nikampigia tena, nikamwomba msamaha. Tumeongea kirefu, na haya ninayokuandikia amenipa ruhusa kuyasema.

Mama alikutambua siku ile ile. Sauti ya gwaride haifichiki nyuma ya mbao, Koplo. Na kwa kuwa alielezwa heshima ya kwenu wakati wa mahari, na aliiweka moyoni kuliko unavyofikiri, aliamua asikuaibishe. Akawa anakukimbia. Wewe ukirudi nyuma kwa heshima, yeye anakwenda mbele kwa heshima, na katikati Kingori na Adhis wanaliwa na mbuzi. Sijawahi kuona watu wawili wakiheshimiana mpaka kufa.

Kuhusu kuambiwa amezeeka akili, amesema hilo halikumuuma, kwa sababu siku hiyo maziwa yalikuwa yamemwagika kweli. Kilichomuuma ni ule ushauri wako wa OCS. Aliufuata! Alipanda gari mpaka kituoni kwako, akaeleza mambo ya chai, na akaambiwa kutokunywa chai si kosa la jinai. Alirudi nyumbani amejawa na aibu. Umshukuru huyo askari wa zamu kwamba hakuandika kitu.

Sasa nisikilize vizuri.

Anko Jackton ni mzee na simkosoi, lakini ulimuuliza swali baya. Ulimweleza kuhusu miguu, hukumweleza kuhusu ugonjwa. Hapa ofisini tuko na dereva wetu, mzee Masinde, Mbukusu wa huko huko kwenu, nikamuuliza: mama mkwe wako akiugua, nyumbani hakuna mtu, na dawa unayo wewe, utafanyaje? Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Nitaipeleka. Nitaiweka mlangoni, nitarudi nyuma, nitaita mtu. Lakini nitaipeleka." Hiyo ndiyo heshima. Kumwacha mama afe mbele ya mbuzi halafu useme ulitoka kando si heshima ya Wabukusu wala ya mtu yeyote ninayemjua. Masinde ameongeza kwamba wazee wanazo njia zao za kupunguza umbali huo, kwa ziara na zawadi, na kwamba hilo si la kupangwa na gazeti. Kwa hiyo utampigia anko Jackton, ndiyo, amekukataza na utampigia, na safari hii utamwomba aje Endarasha, si akupe hukumu kwa simu.

Mchezo usiuache, na upigaji usiuguse. Wapigaji wako tele, kila mtu anataka kupiga. Daktari anayejua kungoja pigo kubwa ndiye adimu, na barua yako inaonyesha wewe ni mmoja wao ukiwa na akili zako. Umeniandikia mwenyewe dawa inafika hatua ishirini. Basi simama hatua ishirini! Si thelathini, si tano. Hapo mama yuko mbali vya kutosha kwa mila zenu na karibu vya kutosha kwa dawa, na sijui kwa nini mtu anayepima ajali barabarani hakuliona hilo. Simama nyuma yake, si ubavuni. Usimwangalie mama wala jitu, angalia mstari wa damu, huo hauna ukoo. Akianguka mfufue kwanza, maneno baadaye, na hayo maneno umwambie pembeni. Mtu aliyebeba ngao kwa ajili yenu hagombezwi mbele ya wauza nyanya. Naye Chuma nimempa kazi yake: asiondoke mlangoni mpaka asikie neno "tayari", na maziwa yatolewe jikoni kabla ya vita kuanza. Amekubali yote mawili, la pili kwa shingo upande.

Benchi ni jambo dogo mno la kumnyima mwanaume usingizi. Mama akae mwisho huku, wewe mwisho kule, Kingori na Adhis wajae katikati. Kama Kingori ni mnene kama wauza nyanya wa Kagio ninaowajua, hamtaonana hata mavazi. Chakula cha mchana wewe ule nje.

Chai, Koplo. Mama akishaileta na kutoka chumbani, inywe. Yote. Halafu mwambie Wacera amwambie mama ilikuwa tamu. Hiyo haivunji mila ya mtu. Miezi yote hii mwanamke yule amekuwa akichungulia kikombe kilichojaa na kujiuliza alikukosea nini, na jibu ulikuwa nalo wewe, ukamnyima, ukaenda kumpa mtu wa mtandaoni pole kwa uchungu uliousababisha mwenyewe. Hapo ndipo nilipotaka ule mwiko.

Na Wacera aambiwe leo. Umwambie yote, pamoja na ile hadithi ya kuitwa kazini, na usingoje gazeti liingie mtaani, kwa sababu makoplo Wabukusu waliooa Endarasha na wanaoishi Karatina si wengi kama unavyodhani. Atacheka, atakasirika, atampigia mama yake. Mwache ampigie. Yeye anaweza kukaa na kila mmoja wenu chumba kimoja, na ndiye atakayebeba maneno mpaka wazee watakapofika. Tena usimshauri mtu mwingine kuhusu wakwe zake. Hiyo ni kazi yangu na ninalipwa.

Mwisho, nimepewa ujumbe na sitaupunguza. Mama amesema hivi: "Mwambie Ndaktari, tangu mzee wangu afe hakuna mtu amewahi kuniangaria damu isipokuwa yeye. Sitaki tanki mwingine apewe daktari huyo. Jumamosi saa kumi nitasimama, sitasonga hata kidogo. Aje."

Basi nenda, Koplo. Hesabu hatua zako, sema "tayari" kwa sauti yoyote unayotaka, na usimcheleweshe. Saa kumi na moja anakamua ng'ombe.

Mama Ngendo